Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, laki na nusu mfukoni: niweke kadi gani ya grafiki?

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, kwema?

Nina kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010, lile boksi jembamba la kulala chini ya skrini. Niliichukua Kariakoo mwaka juzi, mtumba, zile zinazotolewa maofisini Ulaya zikiwa bado na stika za idara ubavuni. Prosesa i5-3470, RAM 4GB kijiti kimoja, diski ya 500GB ya kuzunguka, Windows 10. Kwa kutunga mitihani na kujaza matokeo haijawahi kunisumbua.

Tatizo limeletwa na mdogo wangu. Kamaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri chuo, na kila jioni ananiuliza kwa nini mashine ya mwalimu haiwezi gemu la GTA V. PES 2017, lile gemu la mpira, inacheza, ila wachezaji wanakimbia kama wako kwenye jaruba la mpunga. GTA V inafunguka, halafu gari likikata kona picha inaganda, ikirudi umeshagonga nguzo zamani. Mimi mwenyewe siyo mtu wa gemu (muongo mdogo, PES nacheza).

Fundi wa hapa Morogoro kaniambia anayo kadi ya grafiki ya 4GB, laki moja na kumi, naletewa na kufungiwa. Bajeti yangu mwisho ni laki na nusu, na hiyo imetoka kwenye hela ya kusahihisha mitihani, kwa hiyo haina mtoto. Nisaidieni kabla sijaenda kuitoa kesho.

#2 Sokomoko

Uza hilo boksi, ongeza hela, chukua PlayStation ya mtumba. Uzi ufungwe.

#3 Mla Mihogo

Ngoja waje wenyewe. Nimekaa hapa na sahani yangu.

#4 Fundi wa Kigogo

Mwalimu, kesho usiende. Kwanza muulize huyo fundi mwenzangu jina la kadi, siyo GB. Anayekuuzia kadi kwa GB ni sawa na anayekuuzia pikipiki kwa ukubwa wa tangi la mafuta.

Nieleze kidogo, maana jambo hili linakula hela za watu kila siku. Kwa sasa mashine yako inatumia grafiki iliyo ndani ya prosesa, inaitwa Intel HD 2500. Haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye RAM. Na wewe RAM yako ni kijiti kimoja. RAM ya aina yako, DDR3 ya kasi 1600, ikiwa kijiti kimoja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, na hapohapo prosesa nayo inachota. Ukiweka viwili vinavyofanana vikakaa kwenye njia mbili, inakuwa 25.6. Bomba limepanuka mara mbili na hujanunua kadi yoyote. Kwa hiyo shilingi ya kwanza kabisa iende kwenye kijiti cha pili cha 4GB. Ukishakichomeka, fungua programu ya CPU-Z, upande wa Memory, uone pameandikwa Dual. Pakiandikwa Single umekosea tundu, hamisha.

Kadi nazo zinapishana hapohapo kwenye bomba. GB ni ukubwa wa pipa tu. Kuna kadi inaitwa GT 1030, ziko mbili, jina moja: yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, na ile yenye ya DDR4 iliyotoka 2018 inapitisha 16.8. Mteja anaona GT 1030, 2GB, anatoa hela, anarudi nyumbani na bomba linalokaribia lile alilolikimbia. GTX 750 Ti ya mwaka 2014, ambayo wauzaji wengi hawaitazami tena, inapitisha 86.

Sasa tuje kwenye boksi lenyewe. Hiyo yako Dell wanaiita SFF. Pawa saplai yake ni wati 240. i5-3470 peke yake imeandikiwa wati 77. Ndani hakuna ule waya wa pini sita wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi itakula kupitia slotini tu, lile tundu refu inamochomekwa, na sloti mwisho wake ni wati 75. Kadi yoyote yenye tundu la pini sita isahau, hata ukipewa bure na shemeji. Tena boksi ni jembamba, kadi ya kawaida itasimama na mfuniko hautafunga. Unataka kadi fupi yenye kibati kifupi cha nyuma. Wengine wanakuuzia kadi fupi yenye kibati kirefu, ukifika nyumbani unaanza kutafuta msumeno.

Kwa hiyo kabla ya jina lolote chukua rula, fungua boksi, tuambie: sloti ziko ngapi, na kati ya ile ndefu ya bluu na ukuta wa pawa saplai kuna nafasi gani? Kuna kadi zinakalia nafasi ya sloti mbili kwa sababu ya feni, na kuna maboksi ya SFF ambayo sloti ndefu imebanwa ubavuni hadi hizo haziingii.

#5 Mwalimu wa Zamu

Fundi wa Kigogo, ubarikiwe. Nimempigia, kasema ni "GT 730 mpya kwenye boksi". Kanitumia picha. Pembeni pameandikwa 4GB DDR3 64 bit. Kibati ni kirefu, ila kasema kifupi kimo ndani ya boksi.

Nimefungua mashine. Mavumbi yaliyomo humo yangetosha kupanda mchicha. Sloti ziko mbili, ya bluu na nyeusi.

#6 Fundi wa Kigogo

DDR3, biti 64, na hizo biti ndizo upana wa bomba. Hapo ndipo nilipokuwa nakungojea. GT 730 ziko za aina kadhaa chini ya jina moja, hata chipu hazifanani: kuna za Fermi, kizazi cha zamani, kuna za Kepler, kilichofuata, kuna za GDDR5 ambazo angalau unaweza kuzitetea. Hiyo ya DDR3 biti 64 inapitisha kama GB 14 kwa sekunde. Umeona hesabu? RAM yako ikiwa vijiti viwili inapitisha 25. Hizo 4GB zitajaa lini kupitia bomba hilo? Gemu litakuwa limeshakwama kabla pipa halijafika nusu.

Jambo la pili, draiva, ile programu inayoifanya Windows iitumie kadi. Kadi za Kepler Nvidia, watengenezaji wa chipu, wameziacha kwenye draiva za namba 470, na hata masahihisho ya usalama yaliisha 2024. Kununua kitu kinachoitwa kipya ambacho mwenyewe alishakitelekeza, mimi sikushauri.

Siyo kwamba kadi ni mbovu. Kwa mtu anayetaka skrini ya pili ya kuandikia barua, inatosha na inabaki. Kwa GTA V, hapana.

#7 Kanyaga Twende

Mnazunguka sana. Kuna waya unauzwa elfu tano, upande mmoja unachomeka kwenye ule wa diski, upande wa pili unatoa pini sita. Anunue huo na GTX 960 mtumba. Au anunue pawa saplai ya wati 500 afunge, tatizo liko wapi?

#8 Fundi wa Kigogo

Kanyaga, tatizo liko kwenye moto. Plagi ya umeme ya diski ya SATA, kwenye upande wa volti 12, imetengenezwa kubeba ampea 4 na nusu, yaani wati 54. Tundu la pini sita kadi inaruhusiwa kuchota 75. Siku za kwanza itafanya kazi, utaniita muoga. Siku ya gemu refu plastiki inaanza kulainika. Nimewahi kuletewa moja imeungana na plagi kama ubani, na mwenye mali ananiuliza harufu inatoka wapi.

Na hiyo ya wati 500 aiweke wapi? Pawa saplai ya SFF ina umbo lake. Ya kawaida haiingii humo labda ailaze juu ya meza kama mgonjwa wa wodini, nyaya zikining'inia. Angekuwa na 7010 ile ya kusimama tungekuwa na mazungumzo mengine: pawa saplai wati 275, nafasi ipo, kadi ndefu inaingia, angechukua GTX 750 Ti isiyo na pini sita, wati 60, tukamaliza uzi jana.

#9 Njoro wa Nakuru

Mwalimu, salamu kutoka huku Nakuru. Niruhusuni wenyeji wa uzi niseme yangu.

Nilikuwa na shida hiyohiyo na HP 8300 ya SFF, ambayo ni kama ndugu wa hiyo Dell yako, umri mmoja na wati karibu zilezile. Nilizunguka Nairobi, Luthuli Avenue, siku nzima nikiulizia GTX 1050 Ti fupi. Zipo, lakini wakijua wewe ni mtu wa gemu bei inapanda ukiwa bado mlangoni. Kijana mmoja akaniambia, mzee, wacha GTX, ulizia Quadro.

Quadro ni jina ambalo Nvidia waliwapa watu wa michoro, mainjinia na wasanifu. Makampuni ng'ambo yakibadilisha mashine, hizo kadi zinakuja na mtumba, na watu wa gemu hawaziangalii. Nilichukua Quadro P620 kwa shilingi elfu tano mia tano za Kenya. Kadi nyembamba, inakalia sloti moja, fupi kabisa, wati 40, 2GB ya GDDR5 ya biti 128, bomba la GB 80 kwa sekunde. Chipu yake ni ukoo mmoja na GTX 1050, imepunguzwa tu.

Angalia namba lakini, usisikie Quadro ukafikiri zote ni sawa. P400 ina koa (vile vitengo vya hesabu ndani ya chipu) 256, P600 ina 384, P620 ina 512, P1000 ina 640 na kumbukumbu 4GB. Zinafanana sana sura, ukizipanga mezani ni rahisi kuzichanganya usiposoma stika ya nyuma. Za K, kwa mfano K600, ni za Kepler, ziache huko. K620 jina linakuchanganya, yenyewe ni Maxwell, kizazi cha baada ya Kepler, lakini kumbukumbu yake ni DDR3.

#10 Sokomoko

Quadro ni ya AutoCAD, siyo ya gemu. Mnamdanganya mwalimu wa watu.

#11 Njoro wa Nakuru

Sokomoko, chipu haijui kama inachora nyumba ama inachora Los Santos, ule mji wa GTA V. Pembetatu ni pembetatu. Tofauti iko kwenye draiva na majaribio waliyofanyiwa watu wa michoro. Mimi nacheza nayo mwaka wa pili huu.

#12 Binti Mkunazini

Mwalimu hujambo. Mie niko Unguja, nachora ramani za nyumba, na hiyo K620 anayoitaja Njoro ndiyo ninayo. Kwa ramani yatosha, kwa gemu sijui maana sichezi.

Nnachotaka kukuuliza, skrini yako nyuma ina tundu gani? Maana hapa ndipo nilipoliwa mie. Nilikuwa na skrini kongwe ya VGA tu, lile tundu la buluu la pini kumi na tano. K620 ina tundu la DVI la aina inayotoa mawimbi ya VGA, nikachomeka kiadapta cha elfu tatu ikawaka. Mwenzangu ofisini akaona, akanunua GT 1030 na kiadapta kama changu, hakikuingia hata kwenye tundu. Kadi za Nvidia tangu kizazi cha Pascal, na P620 ni Pascal, hazitoi kabisa mawimbi ya VGA. Lazima adapta yenye chipu ndani inayogeuza. P620 ina matundu manne madogo ya mini DisplayPort, kwa hiyo ulizia adapta ya mini DisplayPort kwenda VGA, au kwenda HDMI kama skrini inayo. Usitoke dukani bila hiyo, utarudi na nauli mbili.

#13 Mwalimu wa Zamu

Dada, skrini yangu ni VGA na tundu jingine jeupe ambalo sijawahi kuligusa.

#14 Binti Mkunazini

Jeupe ni DVI. Waweza pia kutafuta adapta ya kwenda DVI, picha yake safi zaidi. Lakini ya VGA ndiyo utakayoiona kila duka.

#15 Dogo wa Mbagala

Wakuu niongezee hapo kwenye VGA. Mwaka jana nilinunua mtandaoni "GTX 1050 Ti 4GB" kwa bei ya kutupa, simtaji muuzaji. Imefika, ina tundu la VGA na ina pini sita. Mimi nikafurahi, nikasema VGA ipo, sihitaji adapta. Kumbe hiyo VGA ndiyo ilikuwa inanipigia kelele niondoke. Kama alivyosema dada, Pascal haina VGA.

Nikaweka GPU-Z, programu ya kukagua kadi, jina likaja na neno FAKE kwenye mabano mbele yake. Chipu ni GF116, yaani GTX 550 Ti ya zamani imeandikwa jina jipya kwenye BIOS yake, ile programu iliyo ndani ya kadi yenyewe. Windows inaamini jina lililoandikwa. GPU-Z inatazama chipu yenyewe, uwezo huo ilipewa 2018 baada ya feki kuzagaa. Tembea na flashi yenye GPU-Z, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kabla ya kulipa. Akikataa, mwache na kadi yake.

#16 Mla Mihogo

Huu uzi umeanza kunona. Naongeza pilipili.

#17 Mwalimu wa Zamu

Mrejesho wa kwanza, wakuu. Nimemwambia fundi wa hapa asilete kadi, kaninunia lakini tutapatana. Nimenunua kijiti cha pili cha RAM 4GB, elfu ishirini na tano. Mavumbi nimeyatoa na brashi ya rangi, nje, upepo ukinirudishia usoni. CPU-Z inasema Dual.

PES 2017 imebadilika kweli! Siyo kidogo. Dogo aliyekuwa ananinunia kaniuliza nimeweka kadi gani. GTA V kwenye setingi za chini kabisa, rezolusheni ya 800 kwa 600, ilikuwa inachezea fremu, yaani picha, 14 hadi 17 kwa sekunde. Sasa ni 22 hadi 25. Inachezeka ukiwa na moyo mgumu, ila nyuso za watu ni kama viazi.

Imebaki laki moja na ishirini na tano. Wiki ijayo nina msiba Dar, nitapita Kariakoo.

#18 Fundi wa Kigogo

Pole kwa msiba, mwalimu.

Ukifika Kariakoo usiende kwenye maduka ya mbele yenye vioo. Panda ghorofani au ingia vichochoroni kwa wanaopokea makontena ya kompyuta za mtumba, uliza kama wana mashine za michoro walizozifungua. Sema "P620", usiseme "kadi ya gemu". Soma stika ya nyuma. Tazama feni, izungushe kwa kidole, ikikwaruza iache. Ukikosa P620, P600 au GT 1030 ya GDDR5 yenye kibati kifupi ndiyo mbadala. Ukiona P1000 kwa bei hiyohiyo usiulize mara mbili.

Kuhusu prosesa usiogope. Ukisoma mahitaji ya GTA V ya awali, prosesa waliyopendekeza wenyewe ni i5-3470. Hiyohiyo yako, herufi kwa herufi. Kadi waliyopendekeza ni GTX 660. Kwa hiyo upande mmoja wa mizani umekaa vizuri kabisa. Ila dogo asidaunilodi lile toleo lililoboreshwa la Machi 2025, lile linataka mashine nzito zaidi. Abaki na la zamani.

#19 Kanyaga Twende

Na Windows 10 je? Si ilishafungwa?

#20 Fundi wa Kigogo

Ndiyo, masasisho ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na i5 ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya Windows 11. Haina maana mashine inazimika. Benki na barua pepe za kazi asifanyie humo, gemu litacheza. Kwa draiva, Pascal nayo imeingia uzeeni: draiva za gemu mpya zilikoma Oktoba 2025, za usalama zinaendelea hadi Oktoba 2028. Ananunua miaka miwili mitatu ya maisha. Kwa laki moja na ushee, mimi naona ni biashara halali, mwenye macho mengine aseme.

#21 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, nimerudi. Hadithi ni ndefu, vumilieni.

Duka la kwanza: "P620 ndiyo simu gani?" La pili walinionyesha GTX 1650 nzuri sana, bei nikashukuru nikatoka kinyumenyume. La tatu, ghorofani, kijana alikuwa na beseni, beseni kabisa la kufulia, limejaa kadi zimepangwa kama sambusa. Nikakaa chini nikaanza kusoma stika. P400, P400, K600, P400, kadi ya mtandao, P620. Moja tu. Kataja laki moja na arobaini. Tumebishana hadi wote tukachoka, laki moja na kumi na tano. Flashi yangu ya GPU-Z aliichomeka bila maneno: GP107, koa 512, hakuna mabano. Adapta ya kwenda VGA elfu kumi na mbili. Ukijumlisha na RAM nimefika laki moja na hamsini na mbili. Nimevunja bajeti kwa elfu mbili.

Nimefika nyumbani saa tatu usiku. Nikachomeka kadi kwenye sloti ya bluu, nikafunga, nikawasha. Feni inazunguka, skrini giza. Nikazima, nikawasha. Giza. Mdogo wangu amesimama nyuma yangu hapumui. Nikasema hapa nimenunua sambusa kweli.

Naandika hivi kwa simu. Tatizo linaweza kuwa nini?

#22 Binti Mkunazini

Waya wa skrini umeuchomeka wapi?

#23 Fundi wa Kigogo

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Mwalimu, jibu.

#24 Mwalimu wa Zamu

…Kwenye tundu lilelile la zamani. La madabodi.

#25 Binti Mkunazini

Hamisha, mwalimu. Ukishaweka kadi, mashine inazima tundu la zamani na kupeleka picha kwenye kadi. Adapta uliyoinunua ichomeke kwenye kadi, waya wa VGA uingie kwenye adapta.

#26 Mwalimu wa Zamu

Imewaka. Naomba uzi huu wanafunzi wangu wasiuone.

#27 Sokomoko

Hahaha. Adapta ameinunua, ameibeba hadi Morogoro, halafu ameiacha kwenye mfuko.

#28 Mwalimu wa Zamu

Ilikuwa bado kwenye mfuko, ndiyo. Umepatia, Sokomoko.

Mrejesho kamili baada ya siku nne. Draiva nimeipakua kwenye tovuti ya Nvidia, nikachagua Quadro, P620, Windows 10. GTA V sasa ni 1600 kwa 900, setingi nyingi za kawaida, vivuli nimeshusha, nyasi nimeshusha. Mjini inachezea fremu 50 hadi 58. Nje ya mji kwenye vichaka inashuka hadi 42. Kumbukumbu ya kadi, 2GB, gemu lenyewe linaonyesha mstari umekaribia mwisho, nikipandisha ubora wa picha za kuta mstari unageuka mwekundu. PES sisemi, ni maji.

Kilichobaki kinakera ni diski. Ukiendesha gari kasi sana barabara inachelewa kuchorwa, unaelea hewani sekunde moja halafu mji unakuja.

#29 Fundi wa Kigogo

Hiyo ni diski ya kuzunguka, siyo kadi. SSD, diski isiyozunguka, ya 240GB ukiipata, mwezi ujao. Joto likoje?

#30 Mwalimu wa Zamu

Kadi nyuzi 71 baada ya saa nzima. Prosesa 83.

#31 Fundi wa Kigogo

Kadi iko salama. Prosesa imepanda. Ile pesti ya kati ya prosesa na bati lake ina umri wa mashine yenyewe, itakuwa imekauka kama unga. Fungua skrubu, futa ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, rudisha. Usijaze, siyo siagi ya mkate. Na boksi usiliweke ndani ya kabati la televisheni.

#32 Mwalimu wa Zamu

Umejuaje kama liko ndani ya kabati?

#33 Fundi wa Kigogo

Mwalimu, yote huwa yako ndani ya kabati.

#34 Njoro wa Nakuru

Hongera mwalimu. Karibu chama cha watu wa beseni.

#35 Mwalimu wa Zamu

Pesti nimebadilisha, boksi nimelitoa kabatini. Prosesa 68. Dogo anasema fremu hazijaongezeka ila kelele ya feni imeisha, na mama anaweza kulala.

#36 Kichuguu

Wakuu, na mimi ninayo hiyohiyo 7010 ila ni ile ndogo kabisa, inayokaribia ukubwa wa kamusi. P620 ya mwalimu itaingia?

#37 Fundi wa Kigogo

Hiyo ni USFF. Haina sloti ya kadi kabisa, hakuna pa kuchomeka. Weka RAM vijiti viwili, ucheze PES.

#38 Kichuguu

Na ule waya wa elfu tano aliosema Kanyaga?

#39 Fundi wa Kigogo

Mla Mihogo, hebu msogezee huyu sahani.

#40 Mla Mihogo

Imeisha. Imebaki pilipili.